Jina Nililolitaja Darajani

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu naikumbuka vizuri. Ilikuwa Jumamosi, masika yanakaribia kwisha, ukungu umeanza kuachia bonde. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimejitwika tenga la karoti, nateremka kwenda soko la Morogoro mjini pamoja na wanawake wenzangu wa kijijini kwetu, na tulipofika kwenye daraja la mawe tukatua mizigo kama tulivyofanya kila wiki.

Daraja lenyewe bado lipo. Liko pale mto unapobanwa na miamba miwili, lina tao moja tu la mawe meusi, na upana wake unatosha watu wawili wenye mizigo kupishana bila kugusana. Kila upande lina ukuta mfupi wa kukalia, ambao umelainika kwa kukaliwa miaka na miaka. Siku hizo barabara ya magari ilikuwa haijafika huku juu milimani, kwa hiyo kila kitu kilipita hapo: ndizi, njegere, wagonjwa kwenye machela, mabibi harusi, majeneza. Sisi wa upande huu na wale tuliowaita watu wa ng'ambo tulikuwa tukikutana hapo, tunapumua, tunapeana habari, kisha kila mtu anajitwika mzigo wake na safari inaendelea.

Mahali pa namna hiyo hapakosi hadithi. Tuliambiwa bibi harusi akivushwa asitazame maji, la sivyo atakuwa mtu wa kurudi kwao kila mwezi. Tuliambiwa mtoto akisimama chini ya tao na kuita jina lake, daraja humwitikia ili limjue siku atakapovuka na mzigo wake mwenyewe. Mto ukifurika, wazee walikuwa wakidondosha jani moja majini kabla ya kukanyaga daraja, na ukiwauliza sababu wanakwambia, "Ni salamu tu." Nimekua na hadithi hizo na ninazipenda. Mpaka leo nikipita pale mto umejaa, nadondosha jani langu. Padri mmoja aliwahi kuniona akacheka. Nikamwambia, baba, jani halijamdhuru mtu.

Ila ilikuwepo hadithi nyingine, na hiyo ilisemwa kwa sauti ya chini. Kwamba daraja lilipojengwa mara ya kwanza lilianguka, na la pili likasimama kwa sababu fundi alitoa kafara ya mtu, na mtu huyo yumo ndani ya mawe. Ni nani, na wa ukoo gani, hakuna aliyesema. Walisema tu "hapo zamani," ingawa daraja lenyewe lilinizidi mimi umri kwa miaka mitatu.

Nikwambie na jambo moja kuhusu mimi wa siku hizo. Nilijaliwa mdomo. Nilijua pa kunyamaza, pa kushusha sauti, pa kumtazama mtu mmoja machoni wengine wote wakaona wivu. Wanawake wazima walikuwa wakinisogelea ukutani, wananiambia, "Tekla, hebu tuchangamshe." Na mimi nilikuwa nikivimba kichwa.

Jumamosi hiyo walikuwepo wanawake wanne wa ng'ambo ambao hadithi ya kafara hawakuwahi kuisikia. Nikawasimulia. Mwanangu, niliisimulia vizuri! Waliokuwa wanakula miwa waliacha kutafuna. Nilipofika kwenye jiwe la mwisho na kilio kilichosikika ndani ya ukuta, mmoja wao, mama mnene aliyevaa kitenge chekundu, akanishika mkono.

"Huyo fundi ni nani?" akauliza. "Yu hai?"

Sikujua kama fundi huyo wa kafara aliwahi kuwepo. Ningesema tu "sijui", tungejitwika mizigo na maisha yangeendelea. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na niliona nikisema sijui, utamu wote utamwagika. Nikashusha sauti.

"Si huyu Mzee Pius," nikasema. "Alimtoa mpwa wake."

Mzee Pius alikuwa fundi mawe wa kijiji chetu. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukishavuka daraja kuja kwetu, na daraja hilo ni kweli alilijenga yeye, akiongoza wanakijiji, baada ya kujifunza kuchonga mawe kwenye ujenzi wa kanisa. Sikuwa na ugomvi naye. Alikuwa akinisalimia kwa jina la nyanya yangu. Nilimtaja kwa sababu jina lake lilikuwa karibu, kama unavyookota kijiti kilicho karibu kuchokorea moto. Na nilisema mpwa kwa sababu nilijua jambo hilo litawachoma. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mlinzi wake na mwenye kauli juu yake. Mjomba kumtoa mpwa ni kitu ambacho mtu wetu akikisikia mwili unamsisimka.

Uliwasisimka kweli. Wakajitwika matenga yao wakaondoka, na mimi nikashuka na njia ya mjini nikiwa na furaha.

Sasa sikiliza nilichokuwa sikijui. Mzee Pius alikuwa na dada yake mmoja, tuliyemwita Mama Agata kwa jina la bintiye, na huyo Agata alikuwa rafiki yangu tuliyecheza pamoja tangu utoto. Kabla ya Agata, mama huyo alizaa mtoto mwingine wa kike, jina lake Rosa. Rosa alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, mwaka uleule wa daraja. Mimi nilikuwa sijazaliwa na kwetu hakuna aliyewahi kuniambia. Lakini watu wazima walikumbuka. Neno langu lilipopanda mlima kutoka ng'ambo, lilikutana na kumbukumbu hiyo, na watu wakaanza kuambiana, "Kumbe! Si unakumbuka dada yake alifiwa na mtoto mwaka ule?" Hadithi yangu ya kuchangamsha watu ikapata ushahidi ambao mimi sikuutunga.

Haikupita miezi miwili. Mvua za mwisho zililegeza kipande cha ukuta wa pembeni, mawe machache yakaanguka mtoni, na watu wakasema daraja linadai tena. Kina mama wakakataza watoto wao kupita mbele ya nyumba ya Mzee Pius. Asubuhi moja akaamka akakuta migomba yake imekatwa. Kisha likaja la Agata. Alikuwa ameposwa na kijana wa ng'ambo, Benedikti, na sisi wasichana tulishaanza kujifunza nyimbo za kumsindikiza. Mshenga alikuja siku ya Jumatatu, akaketi kwa Mzee Pius kwa sababu yeye ndiye mjomba, akasema familia imeahirisha. Alipobanwa akasema ukweli: mama yake Benedikti hataki wajukuu wake wawe chini ya mjomba wa ukoo ule.

Agata alikuja kulia kwetu. Alilia begani kwangu, mwanangu. Nilimpapasa mgongo nikimwambia "pole."

Siku ileile jioni mama yangu alikuwa akikoroga maharage, akasema kama anayezungumza na chungu, "Natamani nimjue aliyeanzisha maneno haya. Mtoto yule alipokufa nilimwosha mimi kwa mikono yangu. Nimewaambia watu kisimani, wananitazama kama nimetumwa."

Nilikuwa namenya magimbi, na niliendelea kumenya. Jibu la swali la yule mama mwenye kitenge chekundu lilikuwa jikoni kwetu siku zote, na mimi sikuwahi kuuliza. Sasa nilikuwa nimelipata, na bado nilinyamaza. Nilijiambia maneno yatapoa. Watu wana mambo mengi, watasahau. Unajua jinsi mtu anavyojidanganya akiwa ameinamisha kichwa anafanya kazi ya mikono.

Wiki iliyofuata nilikuwa narudi kutoka mjini peke yangu, mchana, tenga likiwa tupu. Nikamkuta Mzee Pius darajani anautengeneza ule ukuta ulioanguka. Alikuwa na nyundo yake, tindo, na uzi wa kunyooshea mstari. Watu wawili walipita mbele yangu bila kumsalimia, wakijibana upande wa pili. Nami nilitaka kupita vivyo hivyo. Lakini adabu ilinishinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tekla. Tua tenga. Nishikie uzi huu."

Nikashika ncha moja, yeye ncha nyingine. Akapanga jiwe, akaligonga, akalitoa, akalichonga kidogo, akalirudisha. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nilikuwa nimesimama pale nikitokwa na jasho kama ninayelima.

"Unajua kwa nini tao la kwanza lilianguka?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye unayelisimulia."

Yeye hakunitazama. Aliendelea kutazama jiwe lake, akaanza kunieleza kama fundi anavyomweleza mwanafunzi.

"Mawe ya tao hupangwa juu ya miti iliyopindwa. Jiwe la katikati likishaingia, mawe yote yanabanana yanashikana, lakini chokaa inataka muda ikauke. Huku kwetu kuna ukungu, inachelewa. Niliambiwa nisubiri wiki sita. Sasa kulikuwa na wageni wanakuja kuliona, na mimi sikutaka walikute limeegemea miti. Nilitaka walikute limesimama lenyewe, waulize, nani fundi, waambiwe Pius. Nikaondoa miti baada ya wiki tatu."

Akainua mkono wake wa kushoto. Tangu nimjue mkono ule ulikuwa na vidole vitatu, na sikuwahi kufikiri ni kwa nini.

"Hivyo viwili vilibaki huko chini. Ukitaka kusimulia kilichomo ndani ya mto huu, simulia vidole vyangu. Mtu hakufa hata mmoja. Tao la pili nilisubiri, kwa hiyo likasimama. Hadithi yote ndiyo hiyo."

"Mzee..." nikaanza.

"Ngoja. Wiki iliyopita alinijia mama mmoja wa ng'ambo, ana kitenge chekundu. Aliniuliza uso kwa uso kama nilimtoa mtoto wa dada yangu. Nilimshukuru, maana watu wa kijiji changu mwenyewe hawajaniuliza. Nikamwuliza yeye kaambiwa na nani. Akakutaja, akanionyesha na mahali ulipokaa."

Nikasema, "Nisamehe, mzee. Sikukusudia ubaya."

"Najua hukukusudia. Nami sikukusudia tao lianguke." Akaweka nyundo chini. "Migomba itachipua. Agata bado mdogo, atapata mtu. Sikukusimamisha kwa ajili ya hayo. Tekla, jana dada yangu ameniuliza. Ameniuliza, 'Pius, Rosa ulimzika wapi?' Mtoto alipokufa yeye mwenyewe alikuwa na homa kali, hajitambui. Mazishi hakuyaona. Miaka yote hii tumekula chungu kimoja, tumelimiana mashamba, hakuwahi kuwa na swali. Jana alikuwa nalo."

Uzi ulikuwa bado mikononi mwetu.

Sijui nililia muda gani. Yeye hakunibembeleza wala hakunikaripia. Nilipomwuliza nifanye nini, alisema, "Mimi jiwe nikiliweka vibaya, nalitoa mwenyewe. Simtumi mtu." Akachukua nyundo yake, na nikajua mazungumzo yamekwisha.

Nilipanda kwetu karibu nikikimbia. Mama alikuwa uani anaanika kunde. Nikamwambia yote, kuanzia miwa mpaka uzi. Nilitegemea kofi, na ningelipokea kwa shukrani. Mama alinitazama tu, kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu anayemfahamu. Halafu akajifunga kitenge chake vizuri.

"Twende," akasema.

"Sasa hivi?"

"Ulitaka lini?"

Tulimkuta Mama Agata anapepeta maharage mlangoni, na Agata yuko ndani anafagia. Nilipiga magoti nikasema, "Mama, ni mimi. Hadithi ile ni mimi niliyeitia jina la Mzee Pius. Hakuna aliyeniambia. Nilitunga palepale ili wanisikilize." Ndani ufagio ukanyamaza.

Mama Agata aliacha kupepeta. Ungo ulibaki mapajani pake. Ndipo mama yangu akakaa chini kando yake, wakagusana mabega, akaanza kumweleza jambo ambalo kwa miaka zaidi ya ishirini hakuwahi kumweleza.

"Rosa nilimwosha mimi," alisema. "Alikuwa na alama nyeusi nyuma ya goti la kulia, ndogo, kama mbegu ya papai. Tulimvalisha lile gauni lake la njano la Pasaka. Kaka yako alichimba mwenyewe. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umefungwa vitambaa, wanaume wakataka kumpokea jembe, akakataa. Amelala makaburi ya kanisani, karibu na ua, upande jua linakotoka. Katekista alisali, sisi wanawake tukaimba. Ilikuwa na manyunyu kidogo."

Mama Agata akauliza kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, "Gauni la njano?"

"La njano."

"Nililitafuta sana gauni lile." Akafunika uso kwa mikono. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza," mama akasema. "Na sisi tuliogopa kukutonesha."

Hapo nilielewa jambo ambalo hata wazee wale walikuwa hawajalielewa. Kimya chao kilikuwa cha huruma, lakini kiliacha nafasi tupu, na mimi nilikuja nikaijaza uongo.

Mama Agata alipojifuta machozi, aliniona bado nimepiga magoti. "Inuka," akaniambia. "Magoti yako hayanisaidii. Utakwenda ng'ambo." Kisha akashika njia ya darajani bila hata kuvaa viatu. Tuliokuwa nyuma tulimwona akifika kwa kaka yake, akikaa juu ya ule ukuta. Baadaye akaanza kumpa mawe, moja baada ya jingine, mpaka jua lilipojificha nyuma ya mlima.

Ng'ambo nilikwenda kesho yake. Ni mwendo wa saa tatu kwa mtu mwenye miguu mizuri. Mama yake Benedikti alinipokea vizuri, akanipa uji, na nilipomaliza kueleza akaniuliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Wamekutisha?"

"Hapana."

"Basi kwa nini nikuamini leo? Juzi ulisema hivi, leo unasema vile."

Alikuwa na haki. Nilirudi kwetu nimeshindwa. Jumamosi nikakaa ukutani palepale darajani nikawaambia wanawake wote kwamba nilidanganya, nikawaeleza habari ya miti na chokaa na wiki tatu. Wengine walicheka. Mmoja akaniambia, "Tekla, ile ya kafara ilikuwa tamu zaidi." Jumamosi ya pili nikasema tena. Ya tatu nikasema tena. Wenzangu walianza kunikwepa, wakatua mizigo mbele zaidi. Niliendelea mpaka mpunga wa bondeni ukavunwa. Aliyenisaidia ni yule mama wa kitenge chekundu. Siku moja alinikatiza katikati ya maneno, akawaambia wenzake, "Mtu hawezi kujiaibisha Jumamosi zote hizi kwa ajili ya uongo." Akaibeba habari yangu hadi ng'ambo kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye waliyemjua kwa miaka mingi wakamwamini kuliko mimi.

Mshenga akarudi. Safari hii Benedikti alikuja naye, kijana mzuri, amevaa shati jeupe, ameshika kofia mkononi. Agata alitoka akamsalimia kwa heshima, akamwambia, "Nyumba yetu ilipokuwa inasemwa, wewe hukuja hata kuuliza. Nenda salama." Na hakubadili neno hilo, ingawa mjomba wake alimpa ruhusa ya kukubali. Miaka miwili baadaye aliolewa na mtu wa reli, akahamia Kingolwira, na huko ndiko alikowalea watoto wake sita.

Mimi naye ilichukua muda. Nilipokwenda kumwomba msamaha aliniambia, "Nimekusamehe. Ila kwa sasa usinisimulie kitu chochote." Nilikaa karibu mwaka mzima namtembelea, tunachambua mboga kimya. Tuliporudiana, tulirudiana kabisa, na mpaka leo uzee huu nikimpigia simu nikaanza, "Agata, unajua fulani..." ananikatiza palepale: "Umeona au umesikia?" Nikisema nimesikia, anasema, "Basi niambie habari za magoti yako."

Mzee Pius aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ukuta alioutengeneza siku ile haujalegea tena. Nilimzoea, nikawa naketi naye mara kwa mara, na nikagundua kwamba historia ya kweli ya daraja lile ilikuwa nzuri kuliko niliyotunga, ila haikuwa na mtu wa kuisema. Alinitajia wanawake waliopandisha chokaa kwa vikapu kutoka bonde la chini, mama yangu akiwemo. Alinitajia wanaume wawili ndugu waliogombana kuhusu shamba na hawakusemezana miaka minne, mpaka siku walipopangiwa kubeba jiwe moja. Alinionyesha jiwe la katikati, dogo kuliko nilivyodhani, na mahali tindo lake lilipoteleza likaacha alama. Hayo yote nayasema mpaka sasa, kwa yeyote anayetua mzigo.

Na wanaotua siku hizi si wenye karoti tu. Mwezi uliopita walikuja vijana kutoka Mafiga, wamevaa viatu vya kupandia mlima, na mwongozaji wao alikuwa anawasimulia ile ya kafara mbele ya simu inayorekodi. Tena kwa jina. Miaka yote hii! Nikasimama nikamsikiliza mpaka mwisho. Anasimulia vizuri, sitamnyima sifa yake. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, huyo unayemtaja ana wajukuu, na mmoja anafundisha shule hapo juu."

Akacheka kwa aibu. "Bibi, shikamoo. Wageni wanaipenda sana hiyo."

"Marahaba. Hata mimi niliipenda," nikamwambia.

Akanitazama, akazima simu. Tukakaa, nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe sasa. Hakunikatiza. Mwishoni aliniomba nimtajie tena majina ya wale wanawake wa chokaa, polepole, ayaandike.

Kwa hiyo, mwanangu, ninachotaka ukichukue ni hiki, nami nakisema bila wasiwasi kwa sababu nimekilipia. Simulia. Usiache kusimulia, maana kijiji kisicho na hadithi kinachosha. Sema kwamba daraja linaitikia majina ya watoto, dondosha jani lako mtoni, mtishe bibi harusi asitazame maji. Lakini siku hadithi itakapohitaji jina la mtu anayeishi, au la maiti mwenye ndugu wanaoishi, simama. Jiulize umeona au umesikia. Kama hujui, sema hujui mbele ya watu wote na uvumilie macho yao, kwa sababu macho hayo yatakuacha baada ya dakika moja, na neno ulilolitoa litakaa miaka. Kama umeshalisema, nenda mwenyewe ukalitoe, mapema, kwa miguu yako, na usitegemee watakupokea siku ya kwanza. Rudi tena. Na kama una ukweli unaomhusu mtu aliyefiwa, mpe akiwa bado anaweza kufarijika nao. Usimfichie kwa huruma mpaka mwingine aje ampe uongo.

Nami nakuombea. Mungu akupe maneno ambayo hutaona haya kuyasikia yakirudi kwako. Akupe jirani wa kukuuliza uso kwa uso kabla hajakuhukumu, na akufanye wewe kuwa jirani wa namna hiyo. Akulinde na sifa za haraka. Ukikosea, akupe mzee wa kukushikisha uzi na kunyamaza nawe mpaka uelewe. Wazazi waliokuzaa wakae kwa amani kwa ajili yako, na watoto wako watajwe popote kwa wema. Nenda, mwanangu, nimekubariki.